Kuulizia Hesabu za Kikundi Si Kumvunjia Mtu Heshima

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wetu wa Dar es Salaam watuandikie kuhusu vikundi vya mitaani kwao: vya kufa na kuzikana, vya ulinzi, vya barabara, vya kuweka na kukopa. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na nilipozisoma kwa mfululizo nikakuta kwamba karibu kila moja, hata ile iliyohusu kiwanja, ina maneno yanayofanana: "Niliona haya kuuliza." Mimi mwenyewe nimekuwa katibu wa chama cha kuzikana mtaani kwetu kwa miaka kadhaa, na nimeshuhudia jinsi muhali unavyoweza kukiangusha kikundi ambacho hakikuwa na mwizi hata mmoja. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi na ya vikundi vyao nimeyaacha kwa makusudi.

Mwenyekiti wetu haitishi mkutano

*Chama chetu cha kufa na kuzikana kina kaya 64, na kila kaya hulipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Katiba yetu inasema mfiwa atapewa shilingi 500,000, pamoja na turubai, viti na masufuria. Mwenyekiti ni yuleyule tangu tulipoanza, na mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo tumepata misiba tisa. Katika msiba wa mwisho jirani yangu alipewa shilingi 200,000 tu, akaambiwa mfuko hauko vizuri. Nilipouliza hesabu kwenye kundi letu la WhatsApp niliondolewa usiku uleule. Tufanye nini bila kuvunja ujirani? – Mama wa watoto wanne, Mbagala*

Dada yangu, pole kwa kuondolewa, na umfikishie pole jirani yako aliyepewa pungufu akiwa bado amekaa mkekani. Kabla ya kusema lolote kuhusu mwenyekiti, chukua kalamu na karatasi tupige hesabu, kwa sababu watu wengi hubishana kuhusu fedha za kikundi bila kujua wanabishania kiasi gani. Kaya 64 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 320,000 kwa mwezi, na kwa miezi 36 ni shilingi 11,520,000. Tukubali kwamba si wote wanaolipa, na tuseme robo ya kaya hazikutoa kitu kabisa; zitabaki kaya 48, na makusanyo yatakuwa shilingi 8,640,000. Misiba tisa, kama kila mfiwa angepewa stahili yake kamili, ingechukua shilingi 4,500,000. Maana yake ni kwamba, hata kwa makadirio hayo ya chini, mfuko wenu ungepaswa kuwa na zaidi ya shilingi milioni nne.

Hesabu hiyo haithibitishi kwamba kuna mtu aliyeiba. Pengine turubai liliraruka likanunuliwa jingine, pengine viti viliongezwa, pengine wasiolipa ni wengi kuliko tunavyodhani na mwenyekiti ameona aibu kuwataja. Ninachotaka uione ni kwamba una swali halali lenye tarakimu ndani yake, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa kumwondoa mtu kwenye kundi.

Anza kwa njia ya watu wazima. Tafuteni wazee wawili ambao mwenyekiti anawasikiliza, waende nyumbani kwake jioni, wamweleze kwamba wanachama wanaomba taarifa ya mapato na matumizi, na wampe tarehe. Mara nyingi jambo huishia hapo, kwa sababu viongozi wengi wa vikundi vyetu hawakufundishwa kutunza hesabu. Huandika nyuma ya daftari la mtoto, na daftari likipotea huingiwa na hofu, kisha hofu hiyo huwafanya wakwepe mikutano. Mtu wa namna hiyo anahitaji msaada wa kuzipanga hesabu zake, na atashukuru akiupata.

Asipokubali, ifungueni katiba yenu mtazame inasema nini kuhusu mkutano wa dharura. Katiba nyingi za vikundi huruhusu idadi fulani ya wanachama kuudai kwa maandishi. Andikeni barua fupi, yenye ajenda moja tu ambayo ni taarifa ya fedha, waweke saini wanaotosha kwa mujibu wa katiba, mpelekeeni mwenyekiti na katibu, na nakala mwipeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hakikisheni akidi inatimia, kwani maamuzi yaliyopitishwa na watu pungufu hupinduliwa kirahisi na anayeyapinga. Wakati wa kujadili jambo linalomhusu mwenyekiti mwenyewe, asiongoze yeye. Chagueni mwenyekiti wa muda kwa mkutano huo. Chagueni pia wakaguzi watatu ambao hawamo kwenye uongozi, wapewe leja, stakabadhi na taarifa ya benki, na wapangiwe siku ya kurudi na majibu.

Naomba pia jambo moja linalodharauliwa sana: muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika. Nimeona mikutano mizuri iliyopotea kabisa kwa sababu katibu alisema "nitauandika nyumbani", na wiki iliyofuata kila mtu akawa na kumbukumbu yake.

Ikiwa wakaguzi watakuta fedha zimechukuliwa, na mhusika akakataa kuzirudisha, kuna njia ya polisi, kwa kosa ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la wizi wa kuaminiwa. Lakini polisi watakuuliza vitabu, na bila leja wala stakabadhi kesi huwa ngumu. Kuhusu mahali pa kupeleka malalamiko ya kiuongozi, angalieni mlipojisajili. Vikundi vingi vya mitaani husajiliwa halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Jumuiya zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ziko kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Na ikiwa mfuko wenu pia unakopesha wanachama, basi mnaguswa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hata kama ninyi wenyewe mnajiita chama cha kuzikana tu. Msipokuwa mmesajiliwa popote, ofisi hizo hazitakuwa na kitu cha kushika, na hilo ni la kurekebisha katika mkutano huohuo.

Je, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa mwenyekiti wetu pia?

*Mwenyekiti wa serikali ya mtaa wetu ndiye pia mwenyekiti wa jumuiya ya wakazi, na michango yote anapokea yeye. Hatujui ipi ni ya mtaa na ipi ni ya jumuiya. Ni sawa? – Kijana, Ubungo*

Yeye ni mkazi kama ninyi, na kuwa mwanachama ni haki yake. Kuwa kiongozi wa vyote viwili kunategemea katiba yenu, lakini ushauri wangu ni kwamba mkatae, hata kama ni mtu mwema. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kwa miaka mitano, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na fedha anazokusanya kwa cheo hicho ni fedha za umma zinazopaswa kuonekana katika hesabu za halmashauri kwa stakabadhi halali. Fedha za jumuiya ni zenu. Zikiingia katika mfuko mmoja wa shati, hakuna mkaguzi atakayeweza kuzitenganisha, na yeye mwenyewe hataweza kujitetea siku akishukiwa. Ombeni stakabadhi kwa kila malipo na msome jina la aliyeitoa. Mkiombwa fedha za mtaa bila stakabadhi, kwanza muulizeni mtendaji wa mtaa. Mkiona dalili za rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113. Kumbukeni pia kwamba balozi wa shina ni kiongozi wa chama cha siasa, na hana mamlaka ya kuwatoza michango kwa niaba ya serikali.

Naambiwa nisipolipa geti litafungwa

*Mwanangu, mimi ni mstaafu ninayeishi Salasala. Jumuiya ya barabara yetu imeamua kila nyumba itoe shilingi 300,000 kwa ajili ya kuweka kifusi, kalavati mbili na geti. Sikuwepo kwenye mkutano huo na sijawahi kujiandikisha. Pensheni yangu ni ndogo. Nimeambiwa nisipolipa mwisho wa mwezi, mlinzi hatanifungulia geti. Je, wana haki hiyo? – Mzee, Salasala*

Shikamoo mzee wangu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 20, inaulinda uhuru wa watu kukusanyika na kuunda vyama, na katika ibara hiyohiyo inakataza mtu yeyote kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Kwa hiyo jumuiya hiyo haiwezi kukufanya uwe mwanachama kwa kuandika jina lako kwenye orodha ukiwa hupo. Na kama njia hiyo ni barabara ya umma, kuifunga kwa geti na kumzuia mkazi kufika nyumbani kwake ni jambo ambalo kundi la majirani haliwezi kujiamulia. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, iliyoanzishwa mwaka 2017, na anayetaka kuweka kizuizi juu yake anapaswa kwanza kupata kibali cha wenye mamlaka.

Hata hivyo, mzee wangu, sitakuwa mkweli nikiishia kwenye sheria. Sote tunajua hali ya barabara za ndani kule juu wakati wa masika: udongo mwekundu unateleza, maji yanachimba mfereji katikati ya njia, na mgonjwa hubebwa mpaka barabara kubwa kwa sababu bajaji haiwezi kupanda. Majirani wako wamechoka kusubiri, na kalavati watakayoiweka utapita juu yake na wewe. Mchango wa hiari kwa kitu tunachokitumia wote ni deni la ujirani, na nakuomba usilikatae lote kwa sababu ya lugha mbaya ya aliyekuja kudai.

Ninachokushauri ni kuyatenga mambo mawili ambayo wao wameyachanganya. Kifusi na kalavati ni hitaji la wote. Geti ni chaguo la baadhi. Waombe wakuonyeshe makisio: bei ya lori moja la kifusi, idadi ya malori, bei ya kalavati, malipo ya fundi. Jumuiya iliyojipanga vizuri itakuwa nayo, na isipokuwa nayo utakuwa umewasaidia kuligundua hilo kabla fedha hazijatumika. Kisha uwaeleze wazi kwamba unaweza kutoa kiasi gani na kwa awamu ngapi. Kukubali wastaafu na wajane walipe kidogo kidogo ni uamuzi wa kawaida katika mitaa mingi, na hakuna aliyewahi kushindwa kujenga kalavati kwa sababu ya mzee mmoja aliyelipa kwa miezi sita.

Kwa viongozi wa jumuiya hiyo, ikiwa wanasoma ukurasa huu, nawakumbusha wakazi wa Tabata. Mwaka 1988, wakiwa wamechoshwa na moshi na harufu ya jalala la Jiji, walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, katika kesi inayokumbukwa kwa jina la Joseph Kessy na wenzake, na Mahakama ikaamuru taka zisiendelee kumwagwa pale. Nguvu ya watu kama hao hutoka katika kukubaliana juu ya jambo linalowaumiza wote, na jirani aliyetishiwa na mlinzi hatasimama nanyi siku mtakapohitaji saini yake kwenye barua ya kwenda TARURA.

Kiwanja cha kikundi kimeandikwa jina la marehemu

*Kikundi chetu kilinunua kiwanja kwa ajili ya ofisi na stoo ya viti. Kwa kuwa hatukuwa na usajili, hati ya mauziano iliandikwa jina la mwenyekiti wetu, ambaye kila mtu alimwamini. Amefariki mwezi uliopita. Watoto wake wanasema kiwanja ni cha baba yao. Tunaona aibu kudai wakati msiba bado mbichi. – Katibu, Kivule*

Poleni kwa msiba. Watoto hao msiwafanye maadui, kwa sababu wameona karatasi yenye jina la baba yao na wamesema kile ambacho mtoto yeyote angesema. Kungoja hadi arobaini ipite ni adabu, lakini msingoje zaidi ya hapo. Familia ikishafungua mirathi na mahakama ikateua msimamizi, mali zitaorodheshwa, na mali ikishagawanywa au kuuzwa kwa mtu wa tatu, kuirudisha ni kazi ya miaka. Fuatilieni ni mahakama gani itakayoshughulikia mirathi hiyo, ili mwasilishe madai yenu kwa maandishi mapema, kwa msimamizi na kwa mahakama.

Wakati huohuo kusanyeni ushahidi. Tafuteni muhtasari wa mkutano ulioamua kununua, ukurasa wa leja unaoonyesha fedha zikitoka, ujumbe wa benki au wa simu uliotumika kumlipa muuzaji, na majina ya mashahidi waliosaini pale ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji akiwa hai, nendeni kwake. Maneno yake kwamba alilipwa na kikundi yana uzito mkubwa. Kabla ya kwenda mahakamani, kaeni na mtoto mkubwa wa marehemu mkiwa na karatasi hizo mkononi. Familia nyingi hukubali zikionyeshwa, na makubaliano yaliyoandikwa na kusainiwa mbele ya wakili yatawaokolea nyote gharama za kwenda kwenye baraza la ardhi.

Kisha lifanyeni lile ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Kikundi humiliki ardhi kwa usalama kupitia wadhamini waliosajiliwa kisheria, na usajili huo hufanywa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318. Mdhamini mmoja akifariki, mali haimfuati kaburini wala haiendi kwa warithi wake. Inabaki kwa bodi. Najua mlimwandika mwenyekiti kwa sababu mlimpenda, na kumwambia "tusikuandike wewe" kungeonekana kama kumshuku. Leo watoto wake ndio wanaobeba uzito wa heshima ile mliyompa.

Mimi ni mweka hazina, na fedha zimepungua

*Ninatunza fedha za kikundi chetu cha akina mama nyumbani, ndani ya kabati. Mwezi wa nne mwanangu alilazwa, nikachukua shilingi 180,000 nikiwa na nia ya kurudisha. Nimerudisha 60,000. Hakuna anayejua. Mgao ni mwezi ujao na usingizi siupati. – Mama, Manzese*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Sitakuambia kwamba hukukosea, maana fedha zile si zako na waliokuamini ni wauza vitumbua na mama lishe wanaoamka usiku wa manane. Lakini ulikuwa na mtoto aliyelazwa hospitalini na fedha kabatini, ukiwa peke yako, bila utaratibu wowote wa kukuzuia wala wa kukusaidia, na kosa la kukuacha katika hali hiyo ni la kikundi kizima.

Sema kabla hawajagundua. Leo hii andika kwenye daftari tarehe uliyochukua, kiasi, sababu, tarehe ulizorudisha, na bakaa ya shilingi 120,000. Kesho mwendee mwenyekiti kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, ukiwa na daftari hilo na pendekezo la namna utakavyolipa, hata kama ni kwa kukatwa katika mgao wako. Usikope kwa wakopeshaji wa mtaani ili kuziba pengo kimyakimya; riba yao itakurudisha palepale ukiwa na deni kubwa zaidi. Unaweza kuvuliwa uweka hazina, na ukivuliwa kubali bila kinyongo. Mkutano utakaosikia habari hii kutoka kinywani mwako utakuwa tofauti sana na ule utakaoisikia siku kabati litakapofunguliwa mbele ya watu wote.

Ukipewa nafasi ya kuzungumza, waombe wanunue sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama yanayotumiwa na vikundi vingi vya kuweka na kukopa. Funguo tatu zishikwe na wanawake watatu wanaoishi nyumba tofauti, na sanduku lenyewe likae kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Fedha zihesabiwe kwa sauti mwanzoni na mwishoni mwa kila kikao, na kila mwanachama aitaje bakaa kabla ya kuondoka. Kiasi kikizidi mahitaji ya wiki, kipelekwe benki kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Na muweke mfuko mdogo wa dharura, ambao mwanachama mwenye mgonjwa anaweza kukopa mchana kweupe, kwa kuandikwa jina lake, siku hiyohiyo anapohitaji.